Asubuhi Baada ya Shukrani

Kila asubuhi Gasaro aliamka kuku wa jirani wakiwa bado wamejikunyata mtini. Alifagia ua, akateremka bombani na dumu lake la njano, akarudi akihema, akawasha moto na kukoroga uji wa mtama. Alimwamsha mdogo wake Joselyne, na kumwamsha Joselyne ilikuwa vita ndogo ya kila siku. Baada ya hayo yote ilibaki kazi moja ambayo Gasaro hakumwachia mtu. Alipanda juu ya kigoda, akanyoosha mkono hadi pale ukuta unapokutana na bati, akashusha mkebe wa zamani wa maziwa ya unga. Ndani ya mkebe huo mlikuwa na vidonge vya mama.

Mama yake, Thacienne, alivipokea kwa mikono miwili kama mtu apokeaye mkate wa Bwana kanisani. Alivimeza kwa uji, kisha akafungua kinywa na kuinua ulimi.

"Ona, mwalimu," alisema. "Hakuna kilichobaki."

Joselyne alicheka kila mara, kana kwamba hajawahi kuuona mchezo huo. Gasaro alichungulia kinywani kwa uso mkavu wa mwalimu mkali, akaitikia kwa kichwa, na hapo ndipo alipochukua daftari lake na kushika njia ya shule.

Jamaa hii ilikuwa ya Wanyarwanda waliolelewa Kongo. Walirudi katika nchi ya wazee wao baada ya mauaji makubwa, wakapata nyumba ya tofali za udongo kwenye mteremko wa Kamembe, mahali ambapo mtu akisimama mlangoni huliona ziwa, na ng'ambo ya ziwa nyumba za Bukavu. Kule ng'ambo vita vilikuwa havijaisha. Siku nyingine mlio wa bunduki ulivuka maji, na watu waliokuwa bombani wakanyamaza kidogo, kisha wakaendelea kugombea zamu.

Mama alianza kukohoa mwaka wa kwanza wa kurudi. Watu walisema ni baridi ya milima. Alikonda, akatokwa jasho usiku hadi mkeka ukalowa, naye akaendelea kubeba parachichi zake sokoni. Siku moja akaanguka kwenye njia ya soko na hakuweza kuinuka. Ndipo wanaume wa mtaa wakaleta ingobyi.

Ingobyi ni kitanda kilichosukwa kwa matete, chenye miti mirefu ya kushika, na mgonjwa hulazwa humo akabebwa mabegani. Kila mtaa una ya kwake, na kila nyumba hutoa mtu wa kubeba. Nyumba ambayo haibebi wengine haibebwi. Walimbeba Thacienne hadi kituo cha afya cha upande wa Gihundwe, na huko ikajulikana kuwa ni kifua kikuu. Papa Gratien, baba yake Gasaro, alipiga magoti kwenye sakafu ya wodi mchana kweupe, mbele ya wagonjwa na wageni wao, akaomba kwa sauti hadi sauti ikakatika. Alikuwa mtu mkimya, mfanyakazi wa mashine ya kukoboa mpunga kule Bugarama, aliyerudi nyumbani kila Jumamosi tu, na Gasaro hakuwahi kumsikia akipaza sauti hivyo.

Mama hakufa. Miezi ya kwanza alikwenda kumeza dawa kituoni kila siku, mbele ya muuguzi. Alipopata nguvu akapewa dawa za mwezi mzima akameze nyumbani. Mashavu yakarudi. Wimbo nao ukarudi jikoni. Papa akasema, "Sasa tushukuru."

Shukrani hiyo ilikuwa na desturi yake. Mgonjwa akipona, jamaa huwaita wabebaji, huosha ingobyi na kuwapa watu kinywaji. Kwa vile Gratien na Thacienne walikuwa Walokole, watu wasiogusa pombe, walipika chai ya maziwa na bushera, kinywaji cha mtama kisicholevya. Wabebaji walikuja wakijua, lakini hawakukosa la kusema.

"Nyie Walokole!" alisema Habimana, mbebaji mrefu kuliko wote. "Muntu anavunjika bega akibeba, halafu anapewa chai kama mutoto mwenye surua."

"Kunywa, bega litapona," akajibu Papa Gratien, na ua mzima ukacheka.

Mama akasimama, akatoa ushuhuda. Alisema alikuwa maiti, na sasa anasimama kwa miguu yake. Wanawake walipiga vigelegele. Kisha Mzee Ntabaza, mchungaji wao, akaweka mkono juu ya ingobyi iliyooshwa na kuomba: "Bwana, umemaliza kazi yako. Ingobyi hii isirudi tena katika mlango huu." Watu wakasema Amina kwa nguvu.

Asubuhi iliyofuata Gasaro alipanda juu ya kigoda kama kawaida.

"Acha huo mukebe," mama alisema.

Gasaro alidhani ni mzaha. Akageuka na mkebe mkononi.

"Maman, dawa bado ziko. Muuguzi alisema..."

"Minajua alichosema." Mama alikuwa akimsuka Joselyne, wala hakuinua uso. "Jana nimesimama mbele ya batu. Nimesema Mungu amemaliza. Bamekunywa chai yetu, bameimba, Mzee ameomba ingobyi isirudi. Leo nimeze dawa? Itakuwa ni kumwambia Mungu, 'Sikukuamini, jana nilikuwa nasema tu.'"

"Tuzitupe?"

"Hapana! Dawa ni zawadi, haitupwi. Rudisha pale juu." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na Papa usimusumbue na habari hizi. Muuguzi akikuuliza, sema Maman anameza. Si uongo mubaya. Ni kulinda shukrani yetu."

Gasaro aliurudisha mkebe. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyemwamini kwa siri kubwa namna hii. Kwa nusu alijiona ameheshimiwa. Kwa nusu nyingine alitamani asingeambiwa.

Mwezi ulipogeuka alikwenda Gihundwe kuchukua dawa, maana mama alisema yuko na kazi sokoni. Muuguzi aliitwa Drocella, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyoharakisha.

"Maman yuko wapi?"

"Sokoni, Muuguzi."

"Anameza kila siku?"

"Ndiyo."

Drocella alimtazama kidogo zaidi ya ilivyopasa. "Bon. Mwambie hivi: hawa wadudu wa kifuani hawajafa wote. Waliobaki wamelala. Akiacha dawa wataamka, tena wataamka wakiwa wameshaijua dawa. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Gasaro alirudi nyumbani akazimwaga dawa mpya juu ya zile za zamani. Mwezi mwingine akafanya vilevile, na mwingine tena. Mkebe ambao ulipaswa kuwa mwepesi ulizidi kuwa mzito. Kila alipofagia chini yake alihisi kama kuna mtu ameketi pale juu anamtazama.

Mvua kubwa zilikuja, na kikohozi kikaja nazo.

Mwanzo kilikuwa kidogo, cha alfajiri. Mama alikohoa akiwa ameuma ncha ya kitenge ili sauti isitoke. Alianza kufunga na kuomba, na mwili uliokuwa umeanza kurudi ukaanza kuondoka. Usiku alitoka nje na kukaa kwenye kizingiti. Gasaro alilala macho wazi, akisikia jinsi pumzi ya mama yake inavyokwaruza. Joselyne, ambaye hakukubali kulala mbali na mama, alimfuata kila mahali na kulala kifuani pake.

Jumamosi Papa alipotoka Bugarama, kope zikiwa nyeupe kwa vumbi la pumba na kifuko cha chenga za mchele begani, mama alijipaka mafuta, akavaa kitambaa kizuri kichwani, akacheka.

"Umepungua," Papa alisema.

"Ni kufunga. Naombea batoto."

"Ni kufunga tu?"

"Gratien, si tulishukuru? Ama wewe hukuwepo?"

Papa alitua kifuko chini. Gasaro alimwona akitaka kuuliza tena, na akamwona akiogopa kuuliza, kwa sababu swali lenyewe lingeonekana kama kukosa imani. Hivyo ndivyo walivyoishi wiki zile. Kila mmoja aliilinda imani ya mwenzake, na hakuna aliyemlinda mama.

Siku moja bombani, Ingabire, binti wa Habimana, ambaye ulimi wake haukujua kukaa, alimsukuma Gasaro kwa dumu.

"Maman wako anakohoa tena. Tunamusikia toka kwetu."

"Ni baridi."

"Baridi! Ile chai yenu tuirudishe, basi? Papa wangu anasema hajawahi kuona nyumba inashukuru mara mbili kwa ugonjwa mumoja."

Wasichana wakacheka. Gasaro aliondoka na dumu nusu tupu. Njiani alikumbuka kwamba Ingabire hakuwa na nia mbaya sana, alikuwa akisema tu lililosemwa kwao. Hilo ndilo lililomuuma. Mtaa mzima ulikuwa umeshajua jambo ambalo nyumba yao haikuthubutu kulitaja.

Jumapili moja asubuhi alipokuwa akifua kitenge cha mama, maji yalibadilika rangi kwa damu. Aliyamwaga akachota mengine. Nayo yakabadilika. Alikaa pale kando ya beseni, mikono ikining'inia, akajaribu kuomba kama alivyofundishwa. Maneno hayakuja. Alijiuliza kama Mungu anasikiliza maombi ya mtoto ambaye kila mwezi anakwenda Gihundwe kusema uongo.

Alipoingia ndani alimkuta mama ameanguka kando ya mkeka. Alikuwa hai, lakini midomo yake ilikuwa ya rangi ya jivu. Papa, aliyekuwa amevaa shati lake la kanisani, alimwinua na kumlaza. Joselyne alisimama pembeni akishika kiatu kimoja cha mama, asijue akiweke wapi.

"Naita ingobyi," Papa alisema.

Mama alimshika mkono. Nguvu alizobakiwa nazo zote zilikuwa katika vidole vile.

"Usiite."

"Thacienne!"

"Nimeshabashukuru. Nitabaangaliaje? Batasema Mungu wetu anadanganya. Batasema Mzee ameomba bure." Akakohoa, na kitambaa kikawa chekundu. "Acha nife na ushuhuda wangu."

Papa aliketi chini. Gasaro hakuwahi kumwona mtu mzima akiketi namna ile, kama gunia lililofunguliwa kamba. Alitazama mlango, akamtazama mkewe, akatazama mlango tena. Hakuinuka.

Joselyne alitoka mbio pasipo kutumwa, na baada ya muda akarudi amemshika Mzee Ntabaza kwa koti. Mzee alikuwa anatoka kanisani, Biblia bado iko kwapani. Akapiga magoti karibu na mkeka, akaweka mkono kwenye paji la mama, akafumba macho.

"Bwana Yesu," alianza, "mtumishi wako uliyemponya, adui amemrudia..."

Gasaro alisimama nyuma yao. Alijua kwamba maombi ya Mzee ni marefu. Alijua pia, kwa jinsi pumzi ya mama ilivyokwaruza, kwamba hapakuwa na muda wa maombi marefu. Akipanda kwenye kigoda sasa, atamvunjia mama heshima mbele ya mchungaji, na mama yuko karibu na kufa. Asipopanda, atakuwa na heshima na kaburi.

Akapanda. Kigoda kikagonga sakafu. Akaushusha mkebe, akaufungua, akaumwaga juu ya mkeka kati ya mama na Mzee. Vidonge vilitiririka kwa sauti kama ya mahindi yanayopukuchuliwa, vingine vikaviringika hadi mlangoni.

Mzee Ntabaza alifumbua macho.

"Ni nini hii?"

"Ni dawa za Maman." Sauti ya Gasaro ilitoka nyembamba. "Hakumeza tangu siku ya shukrani. Aliogopa kumeza itakuwa ni kukosa imani. Muuguzi aliuliza, na mimi nilisema anameza. Nilidanganya, Mzee. Kila mwezi nilidanganya."

Papa alichukua kidonge kimoja, akakitazama kwenye kiganja chake kana kwamba kilikuwa na maandishi.

Mama aligeuza uso. "Umeniua, mutoto wangu," alinong'ona. "Umeniua mbele ya batu."

Maneno hayo Gasaro hakuyasahau, hata alipokuwa mtu mzima. Lakini hakulia, kwa sababu alikuwa akimtazama Mzee Ntabaza. Uso wa mzee yule ulikuwa unabadilika polepole, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa mahakamani.

"Thacienne," Mzee alisema hatimaye. "Niliomba ingobyi isirudi. Kweli niliomba. Lakini lini niliomba dawa zibaki kwenye mukebe?"

Mama alijivutia kitenge usoni.

"Ulilinda maombi yangu. Nani alikuambia maombi yangu yanalindwa kwa damu yako?" Mzee akainuka kwa kushika ukuta. "Kosa ni langu pia. Nilisema Mungu amemaliza, sikuuliza kwanza muuguzi kama bado kuna kazi. Gratien, simama. Mutu haliliwi angali anapumua."

Akatoka nje, akasimama katikati ya njia na kuita kwa sauti ile ya mahubiri: "Ingobyi! Leteni ingobyi kwa Gratien!"

Walikuja. Habimana alikuja wa kwanza, akiwa na ingobyi begani, na Gasaro akasubiri neno la dhihaka. Habimana aliutazama uso wa mama, akasema tu, "Mushikeni kichwa vizuri." Mbebaji mmoja alikuwa hayupo, amekwenda Ruhwa mpakani na biashara zake. Mzee Ntabaza akavua koti, akampa Joselyne alishike, akaweka bega lake la kizee chini ya mti.

"Mzee, acha, utaanguka," Papa alisema.

"Nilisema isirudi katika mlango huu. Kama imerudi, basi nami niibebe."

Walipanda kilima kwa utelezi. Mvua ilianza tena. Wanawake waliokuwa wakitoka misa walisimama kando ya njia wakawapisha. Mama alikuwa amejifunika uso wote kwa kitenge, na Gasaro aliyekimbia nyuma alielewa kuwa hajifuniki mvua.

Kituoni Drocella alimpokea mgonjwa bila maneno mengi. Ni baadaye, mama alipokwisha kulazwa na kuwekewa maji ya mshipa, alipomwita Gasaro kwenye korido.

"Maman alikuwa anameza kweli hizo dawa?" aliuliza.

"Hapana, Muuguzi. Zilikuwa kwenye mkebe. Nilikudanganya."

Drocella hakumfariji. "Nilikuuliza uso kwa uso. Ningekuja kwenu siku hiyohiyo, unajua? Kwa miguu yangu."

"Najua."

"Sasa ni lazima aanze upya. Na sindano juu yake, tena muda mrefu kuliko ule wa kwanza. Siwezi kukuahidi kitu. Mapafu yake yamechanika kama kitambaa kikuukuu." Alitulia, akapumua. "Lakini umesema leo. Ungesema kesho, ningekuwa nazungumza na Papa wako habari za jeneza. Nenda ukamletee mama yako uji."

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zile za kwanza, kwa sababu mara ya kwanza walikuwa na tumaini jipya, na sasa tumaini lenyewe lilionekana limetumika. Papa aliketi kando ya kitanda na Biblia imefungwa magotini. Aliporudi kazini Bugarama, Gasaro aliacha shule akashinda wodini. Alileta uji, akatoa beseni, akafua vitambaa. Mama alikunywa uji, akapokea sindano, akageukia ukuta. Hakumsemesha Gasaro hata neno moja.

"Maman, nimeleta uji."

Mkono ulipokea kikombe.

"Maman, Joselyne anakusalimu."

Ukuta.

Gasaro alipiga magoti jioni moja kwenye sakafu ileile ambayo Papa aliwahi kupigia. Hakujua aombe nini. Kuomba mama apone lilikuwa ombi lililokwisha kuombwa, likajibiwa, nao wakaliharibu kwa mikono yao. Mwishowe alisema, "Mungu, asinichukie," akainuka.

Mama alikaa muda mrefu bila nafuu. Kisha homa ikaanza kuchelewa kuja jioni. Kisha ikawa haiji. Asubuhi moja Drocella alipoleta vidonge, mama alivimeza, halafu akageuka kutoka ukutani. Macho yake yalimtafuta Gasaro. Alifungua kinywa na kuinua ulimi.

"Ona, mwalimu," alisema. Sauti ilikuwa imekwaruzika, na haikurudi tena kuwa ile ya kuimba.

Gasaro alichungulia kama zamani. Hakuona chochote, maana machozi yalikuwa yamemjaa. "Hakuna kilichobaki," alisema.

"Mutoto wangu," mama alisema. "Nilikupa muzigo wangu uubebe, halafu nikakasirika ulipoutua."

Wangeweza kupumua hapo, lakini taabu haikuwa imeisha. Mama alikuwa amekwisha kurudi nyumbani, na wakati wa sindano umekwisha kupita, Joselyne alipoanza kukataa chakula. Wakati mama amelazwa alikuwa amepimwa na kuonekana mzima. Sasa alichoka akiwa hajacheza, na shingoni kukatokea vivimbe vidogo kama maharage. Thacienne alivigusa kwa kidole. Hakufunga, hakungoja Jumamosi, hakumwuliza mtu kama ni imani au si imani. Alimfunga mtoto mgongoni, akatembea hadi Gihundwe akipumzika kila penye jiwe la kukalia.

Ni kifua kikuu, Drocella alisema. Alikipata kwa mama yake, katika zile wiki za kikohozi.

Mama alirudi na dawa za mtoto, akaketi kizingitini akilitazama ziwa hadi likawa jeusi. Papa alipofika Jumamosi alimkuta ameketi tena pale.

"Nilisema nalinda ushuhuda," alimwambia. "Nimemupa mutoto wangu ugonjwa ili nisipate aibu mbele ya Habimana."

Papa hakusema "usijali," kwa sababu isingekuwa kweli. Aliketi karibu naye. "Anameza?"

"Anameza."

"Basi tunangojea."

Wakangoja. Mkebe ulirudi juu ya ukuta, na safari hii ulikuwa mwepesi zaidi kila wiki. Watu wa mtaa waliuliza shukrani ni lini. Habimana alipita mlangoni akapiga kelele: "Gratien! Safari hii tunataka chai yenye andazi! Tumebeba mara mbili!" Papa alijibu, "Ngoja kwanza dawa ziishe." Jibu hilo lilizungumzwa sana bombani, na hata Ingabire hakupata la kulidhihaki.

Mama alipomeza kidonge chake cha mwisho, na Drocella akasema makohozi yake ni safi, ndipo waliposhukuru. Hakukuwa na shangwe kubwa. Mama alikuwa mwembamba, akipanda kilima anasimama mara kwa mara, na wimbo haukurudi jikoni. Lakini maandazi yalikuwepo, na Drocella alikuja na kuketi kwenye mkeka pamoja na wote.

Mama alisimama. "Mara ya kwanza nilimushukuru Mungu kabla hajamaliza kazi," alisema. "Nilimupokonya kazi mikononi, nikamwambia, 'Inatosha, batu banangoja chai.' Leo namushukuru kwa dawa, na kwa mabega yenu yaliyonibeba mara mbili. Na kwa Gasaro, aliyenivunjia heshima nikaishi."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Wanawake wengine walifuta macho kwa ncha za vitenge.

Mzee Ntabaza akaweka mkono juu ya ingobyi.

"Bwana," aliomba, "siku itakapohitajika ingobyi hii, katika mlango wowote, isicheleweshwe na aibu."

"Amina," alisema Habimana, wa kwanza kuliko wote.

Asubuhi iliyofuata Gasaro alifagia ua, akateka maji, akakoroga uji. Daftari lake lilikuwa mezani, maana alikuwa amerudi shule. Alipoingia ndani alimkuta mama yake amesimama juu ya kigoda, anauchukua mkebe. Dawa za Joselyne zilikuwa bado hazijaisha.

Joselyne alikunja uso. "Lakini Maman, si jana tulishukuru?"

Mama alishuka polepole, akihema, akaketi karibu yake. Akamwekea kidonge kiganjani na kumshikia kikombe cha uji.

"Jana tulishukuru," alisema. "Leo tunameza. Mungu ametoa vyote viwili, na kimoja hakifukuzi kingine. Meza, halafu ufungue kinywa, dada yako aone."